Kusoma idadi ya wanafunzi katika shule ndogo ya msingi

Walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule, habari za asubuhi.

Tuchukulie shule ya kijijini yenye wanafunzi 140, darasa la kwanza hadi la saba. Kwa kipimo chetu Tanzania cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule hiyo inastahili walimu watatu, wakizidi ni wanne. Madarasa yako saba, na la awali ni la nane! Ruzuku nayo hufuata vichwa. Kati ya shilingi 10,000 za kila mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ndizo huingia akaunti ya shule. 4,000 ni za vitabu. Kwa watoto 140 hiyo ni shilingi 840,000, yaani 70,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani na matengenezo ya madawati. Ndiyo maana takwimu zikikosewa shule ndogo huumia haraka.

Makosa mengi huanzia kwenye rejesta. Mtoto amehamia wilaya nyingine, jina halijaondolewa, naye anahesabiwa mara mbili. Mzazi hana cheti cha kuzaliwa, basi mwalimu anakisia mwaka na kuandika Januari 1. Wakiwa kumi hivyo, jedwali la umri halina maana tena. Ombeni kadi ya kliniki. Na kabla ya kujaza fomu za TSM, yaani za takwimu za shule za msingi za kila mwaka, ambazo huchukua hali ya Machi 31, piteni darasani mhesabu watoto waliopo, kisha mlinganishe na rejesta, jina kwa jina.

Asilimia ziogopeni. Darasa la watoto wanane, akiondoka mmoja ni asilimia 12.5, na wa juu huko atadhani kuna utoro mkubwa. Andikeni idadi yenyewe, tena ya miaka mitatu sambamba. Mwaka 2016, michango ya shule za msingi ilipoondolewa, darasa la kwanza lilifurika. Watoto wale walimaliza la saba 2022. Shule iliyopungua ghafla 2023 huenda haikupoteza mtu.

Utoro wa kweli huonekana mkitenganisha wavulana na wasichana kwa kila darasa. Wavulana wakiwa 11 darasa la nne, mwaka unaofuata wakawa saba la tano, fungueni mahudhurio mtazame walianza kukosa mwezi gani. Ikiwa ni msimu wa kuhamisha mifugo, kaeni na wazazi mwezi mmoja kabla, si baada.