Kabla Hujaifuta Diski ya Zamani

Wakubwa zangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, wenye stesheneri, wenye studio, na nyinyi vijana wa chuo mliojaa huko nyuma, habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini. Sitaeleza nakala rudufu ni nini wala kloni, yaani nakala ya diski nzima, hutengenezwaje, kwa sababu kila aliyemo humu ameshapiga Windows na ameshahamisha mafaili ya watu. Nitazungumzia kipande kimoja tu cha kazi yetu: ule muda kati ya programu kuandika kwamba imemaliza kunakili, na mkono wa fundi kwenda kufuta diski ya zamani. Nimelisema hili kila ukumbi nilioalikwa, na nitaendelea kulisema, maana bado naletewa diski zilizofutwa zikawa tupu kabisa, na mtu amesimama mlangoni ananiomba nimrudishie kilichokuwemo.

Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Kwenye diski, mbacha una siku yake ya kutupwa. Mteja anauza mashine, au diski imeanza kugonga, au ofisi imejaza humo majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka izilinde. Sipingi kufuta. Ninachodai ni kwamba uuswalie kwanza huo msala mpya, na wakati unauswalia, mbacha uwe umekunjwa na kuwekwa chumba kingine.

Hilo la chumba kingine ndilo lililonileta hapa, na nitalieleza kwa kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2016 mama mmoja mwenye studio ya picha aliniita. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa nzito, inawaka dakika kumi. Ndani ilikuwa na diski ngumu ya GB 500 iliyogawanywa vipande viwili: C yenye Windows, na D yenye picha zote. Harusi, maulidi, kipaimara, mahafali, picha za paspoti za nusu ya mji. Nikamshauri tununue SSD, diski ya kisasa yenye kasi, akakubali, tukapata ya GB 240. Nikaifunga ndani ya mashine, nikaanzisha kloni, jioni programu ikaandika kwamba kazi imekamilika bila kosa lolote. Nikazima, nikawasha, nikaiamuru mashine iwake kwa SSD. Ikawaka kwa sekunde chache. Yule mama akapiga makofi.

Nikafungua D mbele yake. Nikafungua harusi ya mwezi uliopita, picha ikajaa kwenye skrini. Nikafungua ya miaka mitatu nyuma, nayo ipo. Nikamuuliza, "Mama, umeridhika?" Akasema ameridhika. Diski ya zamani alikuwa ameshamwahidi mtu, kwa hiyo nikawasha mashine kwa flashi, nikaiandika diski ile sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Hakuna aliyenikimbiza. Nilikuwa na muda wote huo wa kufikiri, na sikufikiri.

Nilipoichomoa na kuwasha tena, C ilikuwepo, inakimbia. D haikuwepo.

Wenzangu mafundi mmeshaelewa. SSD ilikuwa ndogo kuliko diski iliyonakiliwa. Programu ilichukua C peke yake ikaiacha D, na ilikuwa imeniandikia hivyo kwenye ukurasa niliouruka. Zile picha nilizomfungulia yule mama zilikuwa zinasomwa kutoka diski ya zamani, ambayo ilikuwa bado ina waya wake wa umeme na waya wake wa data, humo humo ndani ya boksi. Nilikuwa ninaikagua nakala kwa kuitazama asili. Siku tatu nilihangaika na kila programu ya kurejesha mafaili ninayoijua. Mahali palipoandikwa sifuri juu ya data, hakuna fundi wa kukurudishia. Yule mama alizunguka kwa wateja wake, nyumba kwa nyumba, akiomba kuazima DVD za harusi alizowauzia, anakili tena alichoweza. Hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu: "Fundi, si ulinifungulia nikaona?"

Aliona, na mimi niliona. Ndiyo maana sikubali fundi anaponiambia "nimeangalia, vitu vipo." Uliangalia ukiwa umechomoa ya zamani, au ikiwa bado imechomekwa? Nijibu hilo kwanza.

Na msidhani ni suala la picha tu. Hata kuwaka kwa mashine kunaweza kukudanganya. Kuna mashine ambazo mfumo wake umehamia diski mpya lakini kile kisehemu kidogo cha kuwashia kimebaki diski ya zamani. Zikiwa zote mbili ndani, inawaka vizuri. Itoe moja, inakuambia haioni diski ya kuwashia. Tena Windows ikikuta diski mbili zenye kitambulisho kimoja, jambo la kawaida baada ya kukloni, moja huiweka kando isisomeke, na usipokuwa makini hutajua umeketi juu ya ipi. Dawa ya yote haya ni bisibisi. Chomoa ya zamani kabisa, iweke mezani, washa, fanya kazi ya siku nzima kwa ile mpya peke yake.

Kuna atakayesema, mzee, programu yangu ina sehemu ya kuhakiki, naiwekea tiki. Vizuri, iwekee. Lakini programu inahakiki kile ilichoambiwa inakili. Ile yangu ingehakiki C ikaniambia C ni sahihi, na ingekuwa inasema kweli. Haiwezi kujua kwamba wewe ulitaka na D. Haijui kwamba mhasibu aliweka mafaili ya kampuni kwenye folda ya pamoja ambako hukwenda kuangalia, wala kwamba barua pepe zake ziko ndani ya folda iliyofichwa. Orodha ya vinavyotakiwa inatoka kwa mwenye mashine. Kaa naye, muulize anafungua nini kila asubuhi, mwisho wa mwezi anafungua nini, na kitu gani kikipotea atalia. Iandike kwenye karatasi. Hiyo karatasi ndiyo utakayoihakiki.

Mwingine atasema haya ni makosa ya mafundi wa mtaani. Hapana. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu dunia nzima, mhandisi wake alifuta hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Katika GB 300 hivi zikabaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala zao za kila siku: mahali zilipotakiwa kuwa palikuwa patupu. Programu ya kunakili ilikuwa toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe, ikawa inashindwa, na barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yule yule aliipiga saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Waliyaandika haya yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Walikuwa na njia kadhaa za kunakili. Kilichokosekana ni mtu wa kuzirejesha siku ya amani aone kama kuna kitu ndani.

Sasa kuhakiki kwenyewe. Ngazi ya kwanza ni kuhesabu: idadi ya mafaili na jumla ya baiti, huku na huku. Usilinganishe ile nafasi inayotumika kwenye diski, hiyo hutofautiana hata nakala ikiwa nzima. Ngazi hii inakamata folda zilizorukwa, na inamkamata yule aliyenakili njia ya mkato iliyoko kwenye dawati akidhani amenakili folda. Mmewahi kuwaona: anakuja na flashi, ndani kuna kitu cha KB 2, anasema ni thesisi yake.

Ngazi ya pili ni heshi, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. SHA-256 inalisoma faili lote na kukupa mstari wa herufi na tarakimu 64. Badilisha biti moja, mstari unakuwa mwingine kabisa. Kwenye Linux unatumia amri ya sha256sum, au rsync, programu ya kunakili, ukiiamuru ilinganishe kwa yaliyomo bila kunakili. Kwenye Windows, programu ya FreeFileSync ina chaguo la kulinganisha yaliyomo badala ya ukubwa na tarehe. Kwanza itoe salama ile diski mpya, ichomoe, ichomeke upya, ikiwezekana kwenye mashine nyingine, maana ukisoma papo hapo unaweza kuwa unasomewa kilichobaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, siyo kilichoko kwenye diski.

Kwa nini nisisitize yaliyomo? Kwa sababu ya flashi na diski za bandia. Unauziwa kitu kimeandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Kinakubali kila unachokipa. Majina ya mafaili yanaonekana, ukubwa unaonekana sawasawa, kwa sababu orodha ya mafaili inakaa mwanzoni mwa diski, mahali palipo halisi. Data iliyopita uwezo wake wa kweli imetupwa, au imeandikwa juu ya nyingine. Ukihesabu, hesabu inakubali. Ukifungua, hakuna kitu. Kila chombo kipya kipimwe uwezo wake kwa programu ya H2testw, au f3 kwa wa Linux, kabla hujakikabidhi kazi ya mtu.

Na ngazi ya tatu, fungua. Heshi inakuambia nakala ni sawa na asili. Haikuambii kwamba asili ilikuwa nzima. Picha iliyokwisha kuwa kijivu nusu itanakiliwa kwa uaminifu na nusu yake ya kijivu. Fungua za zamani kabisa, za juzi, na yale mafaili makubwa kuliko yote. Faili la uhasibu lifunguliwe na programu yake yenyewe, mhasibu akiwa amekaa hapo, alinganishe salio.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nayataja tu. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, lile kufuli la siri la Windows: pata ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote. Diski inayokufa usiilazimishe na programu ya kawaida. Ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, ikaweka ramani ya zilizokataa, ndipo ikazirudia. Wingu la kusawazisha, yaani hifadhi ya mtandaoni inayofanana na mashine yako: faili unaloliona linaweza kuwa jina tu, lenyewe haliko kwenye mashine, na ukilifuta huku linafutika na kule.

Kuna swali la kijana pale nyuma kabla sijashuka: diski ya zamani ikae muda gani? Mimi naiacha siku thelathini, imeandikwa jina la mteja na tarehe, ndani ya kabati langu. Mwezi mmoja kwa sababu mishahara, ankara na ripoti hufunguliwa mara moja kwa mwezi, na huko ndiko kinakogundulika kilichosahaulika. Mteja akitaka diski yake mapema, naandika kwenye risiti kwamba ameichukua, anasaini, na namwomba mbele ya shahidi asiifute.

Nimekuja na mashine mbili na bisibisi. Mwenye diski anayotaka kuifuta wiki hii aje nayo mbele, na nakala yake, tuanze kuhesabu.