Sanamu ya Baron Stieglitz: kutia rangi na nta kwenye shaba nyeusi (bronzi)

Karibuni tena karakanani. Huyu ni Baron Alexander von Stieglitz, tajiri wa benki wa Saint Petersburg. Kusubu, yaani kumimina shaba kwenye kalibu, tumemaliza; mirija iliyopitisha shaba tumeikata, tupa imepita. Leo ni rangi na nta.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Brashi ya waya isiguse kabisa! Suuza, twende.

Fungua madirisha, vaa glavu. Pasha shaba moto wa gesi, paka dawa ya rangi, sulfidi ya potasiamu, iliyozimuliwa sana kwa maji. Inanuka mayai viza, vumilieni. Rangi ikikolea kahawia, acha. Mimi sipendi nyeusi tii, inaficha sura. Suuza tena.

Sasa kukausha, na hapa nawaomba msikimbie. Maji hujificha puani, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya kola. Futa kwa kitambaa cha pamba, kisha pitisha moto polepole bila kuutuliza mahali pamoja.

Tukiwa tunasubiri: mwaka 1876 Stieglitz alitoa rubeli milioni moja ianzishwe shule ya uchoraji wa kiufundi. Ikaundiwa makumbusho ya sanaa tumizi, yaani sanaa ya vitu vya kutumika, ili mwanafunzi asome kwa kutazama kazi halisi za mafundi waliomtangulia. Jengo la makumbusho, lenye ukumbi mkubwa wa paa la kioo, lilisanifiwa na Maximilian Messmacher, likafunguliwa 1896. Stieglitz mwenyewe alifariki 1884, hakuliona. Mchongaji Mark Antokolsky alimchonga kwa marumaru, kazi safi sana. Mimi nimemtaka kwa shaba, maana fedha yake iliwasomesha watu wa kazi za mikono, na shaba hupokea mkono wa kila anayeitunza.

Haya, nta... Ngoja! Sogeza kamera hapa, chini ya kola. Mnaona inang'aa? Ni maji. Ukifunika maji kwa nta, weupe kama ukungu utatokea, na itabidi uivue nta yote. Rudisha moto. Kausha. Gusa kwa karatasi kavu. Ikilowa hata kidogo, kausha tena.

Sasa sawa. Shaba iwe na joto la kuyeyusha nta bila kutoa moshi. Paka tabaka jembamba, sukumia kwenye mikunjo, acha ipoe, sugua kwa pamba. Sanamu ya nje ipakwe nta upya kila mwaka. Mkitaka nta hii, ninayo karakanani, makopo madogo na makubwa.