Jina Likitoka kwenye Jiwe

KABWE: Yaya Mwadi, mji wetu huu wa Lubumbashi uliitwa Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji, mpaka 1966. Mji mzima ukabadilishwa jina kwa karatasi. Na majina ya bronzi yaliyo kwenye mawe ya kumbukumbu, yanaondolewaje?

MWADI: Huko karatasi haitoshi, ndugu yangu. Herufi za bronzi zinashikwa na gundi, na pini zilizozama ndani ya jiwe. Fundi mwenye haraka anasukuma mtalimbo nyuma ya herufi, anakongoa. Inatoka na kipande cha jiwe.

KABWE: Afanyeje, basi?

MWADI: Apige picha kwanza, herufi moja moja, rula ikiwa pembeni. Halafu apitishe waya mwembamba nyuma ya herufi, avute huku na huku mpaka gundi ikatike. Akigusa pini, aikate kwa msumeno wa chuma. Pini ya shaba inaweza kubaki ndani. Ya chuma aitoe yote: ikinywa mvua inaota kutu, kutu inavimba, jiwe linapasuka.

KABWE: Matundu wengi wanaziba kwa simenti.

MWADI: Ndiyo kosa kubwa! Simenti ni ngumu kuliko jiwe laini, tena inabaki kijivu. Kila tundu linakuwa doa, na madoa yanaandika upya jina lile lile. Achanganye chokaa sehemu moja na vumbi la jiwe lenyewe sehemu tatu. Aloweshe tundu, ajaze kwa tabaka nyembamba.

KABWE: Na kile kivuli? Herufi zimekwenda, jina bado linasomeka, maana chini yake jiwe halikupigwa jua wala vumbi letu jekundu.

MWADI: Asisage pale palipokuwa na jina tu. Anachimba bonde, na jua la jioni likija kwa ubavu kila mtu anaona. Asafishe uso wote kwa maji na brashi laini, au afunike kwa kibao kipya, siku ile ile. Ukuta ukikaa mtupu, watu wanaendelea kutaja jina la zamani.

KABWE: Herufi zenyewe?

MWADI: Bronzi ni shaba kwa sehemu kubwa, na sisi tuko mji wa shaba. Ukiziacha pembeni usiku mmoja, asubuhi ziko kwa wayeyushaji. Zipewe namba, zipimwe uzito, ziende jumba la makumbusho kabla ya giza. Sanamu ya Leopold wa Pili, yule mfalme wa Ubelgiji, kule Kinshasa iliondolewa 1967, ikarudishwa Februari 2005, haikumaliza hata siku. Leo iko kwenye kilima cha Mont Ngaliema, huko huko Kinshasa, na mwalimu anaweza kuwaonyesha watoto.

KABWE: Na sanamu ya Tshombe wetu, pale uwanja wa posta?

MWADI: Pale ni pagumu zaidi. Leopold hana wajukuu hapa. Tshombe aliongoza jimbo letu la Katanga kujitenga na Kongo Julai 1960, na Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na mji huu 17 Januari 1961. Kwake mimi ningeacha jina, niongeze kibao kando, mita moja na nusu kutoka chini, Kiswahili juu, Kifaransa chini. Na tarehe hiyo ya Januari iandikwe, pamoja na jina la Lumumba.