Baada ya Kiharusi: Mazoezi ya Mwili na Utulivu wa Moyo

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Najua wengi wenu hapa Bombo mna mgonjwa wa kiharusi nyumbani, na wengine mmekuja naye. Leo nina neno moja kubwa: utulivu wa moyo msiungoje mpaka mkono uinuke. Utafuteni tangu wiki ya kwanza, pamoja na mazoezi. Mgonjwa aliyekata tamaa hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hapati nafuu ya kutosha.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea. Mshipa wa damu kwenye ubongo umeziba, au umepasuka. Sehemu iliyokosa damu ikishakufa haifufuki. Nafuu inatoka kwenye sehemu nzima zilizobaki, ambazo hujifunza kazi mpya kwa kurudia kitu kilekile mara nyingi. Kasi huwa kubwa katika miezi 3 ya kwanza, kisha hupungua, lakini haikomi. Anayewaambia kwamba baada ya miezi 6 hakuna tena cha kufanya, msimsikilize.

Ubongo wa kushoto huendesha upande wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye kazi ya maneno. Kwa hiyo aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza kusema. Hilo lisiwadanganye mkadhani akili imeondoka. Wageni hukaa kitandani pake wakajadili mazishi na shamba litagawanywaje, naye anasikia. Mzungumzishe polepole, redio ikiwa imezimwa, swali moja kwa wakati, la kujibiwa ndiyo au hapana: "Unataka chai?" Kisha ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujamjibia. Wengine wasioweza kusema huweza kuimba wimbo wanaoujua tangu utoto. Mwimbieni, aimbe nanyi.

Sasa bega. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibu, tena kwa mapenzi. Misuli ya bega lililopooza imelegea, na mkono unaning'inia kwa uzito wake. Ukimvuta mgonjwa kwa mkono huo ili akae, mfupa unashuka kutoka mahali pake, na maumivu yake humnyima usingizi kwa miezi. Usimvute mkono, wala usimwinue kwa kumshika kwapani. Mfunge leso, yaani kanga, imara kiunoni, uishike hiyo. Akikaa, mkono uwe juu ya mto au meza. Akilala chali, weka mto mdogo chini ya bega na mkono. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia, asije akapata vidonda vya kulalia. Na maji ya moto ya kukanda, ndugu zangu: ngozi isiyohisi haikwambii kwamba inaungua. Pima joto kwa mkono wako wewe mwenyewe, au acha kabisa.

Chakula kina hatari yake. Kabla ya kumpa chochote, awe macho na amekaa wima. Mpe maji, kijiko kimoja kidogo cha chai, usikilize. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, acha. Apimwe kwanza na mhudumu wa afya. Maji yanayopita njia ya mapafu huleta nimonia, na nimonia huua wagonjwa wa kiharusi wengi. Akiruhusiwa kula, mpe vijiko vidogo, ameze kila kimoja kabla ya kingine, abaki amekaa nusu saa.

Zoezi ambalo ningependa kila nyumba ilijue ni kuinuka kwenye kiti. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wake uegemee ukuta. Asogee hadi ukingoni. Nyayo zote mbili zikanyage chini, visigino virudi nyuma ya magoti kidogo. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Wewe simama upande ulio dhaifu, umeshika leso ya kiunoni. Kosa la kawaida ni mguu mgonjwa kuachwa mbele: hapo mguu mzima unafanya kazi yote na ule mwingine haujifunzi kitu. Anza na mara 5 asubuhi na 5 jioni. Akizoea, mara 10, vipindi 3 kwa siku. Kushuka nako ni zoezi, akae polepole, asijitupe.

Mkono nao ufanye kazi mezani: weka kitambaa chini ya viganja, asukume mbele na kurudisha kwa mikono yote miwili, mara 20. Vidole vikianza kuamka, mpe maharagwe ayahamishe moja moja kwenye kikombe.

Hapo ndipo ninapoufikia moyo. Mpe kazi ya kweli ya nyumba. Abambue karanga, achague mchele, akunje nguo, ashike daftari la matumizi. Mama aliyelisha watu wengi maisha yake yote, leo analishwa mdomoni na hakuna anayemwuliza hata chumvi imetosha. Huyo haumwi mkono peke yake. Kuwa na nafasi yake nyumbani kutamtuliza kuliko maneno yetu mengi ya kumfariji.

Ibada ibaki. Mwislamu asiyeweza kusimama anasali ameketi, na asiyeweza kuketi anasali amelala. Mkumbusheni wakati, msaidieni kutawadha. Mkristo asomewe, aombe nanyi. Tena kuna zoezi la pumzi: mkono usiopooza tumboni, avute hewa kwa pua akihesabu 4, aitoe polepole akihesabu 6, kwa dakika 5. Kizunguzungu kikija, apumue kawaida. Hili ni zuri kabla ya mazoezi na kabla ya kulala.

Mtaona pia kilio cha ghafla, au kicheko msibani. Mara nyingi ni ubongo uliojeruhiwa umeshindwa kuzuia. Msimkemee, mgeuzieni mazungumzo, kitapita. Kingine kabisa ni huzuni ya wiki 2 au zaidi: hali chakula, hapati usingizi, anakataa mazoezi, anasema heri angekufa. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata sonona, yaani huzuni hiyo nzito, baada ya kiharusi. Huo ni ugonjwa, si upungufu wa imani, wala hakuna aliyemroga. Una dawa, nayo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo asiache baada ya siku tatu. Si lazima mfike Butabika, hospitali kubwa ya akili kule Kampala. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, na mpelekeni siku hiyo hiyo.

Na anayemhudumia? Mara nyingi ni binti mmoja, au mke, asiyelala. Gawaneni zamu. Wageni waingie wawili wawili, kwa muda mfupi, maana uchovu wa kiharusi ni mzito na hauonekani kwa macho.

Dawa za presha zisikatwe kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Presha ya 140 kwa 90 kwenda juu haiumi, ndiyo maana watu huiacha, na kiharusi cha pili hufuata. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mchuzi wa karanga. Aspirini msijinunulie: kama mshipa ulipasuka, inaweza kuzidisha kutoka kwa damu.

Mashine ya presha iko pale mezani, pimeni nyote kabla hamjaondoka. Mtu akae kimya dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono mezani usawa wa moyo. Waliokuja na wagonjwa watangulie.