Walioapa Kutohama

ZUHURA: Tumeanza? Haya. Hamjambo wasikilizaji, hapa ni Tanga mjini, feni inapiga kelele na tukiizima tutayeyuka, mtuvumilie. Kaka Deo leo anatupeleka kwa watawa wasiosema.

DEO: Wanasema, dada. Hawa ni Watrapisti, watawa Wakatoliki wanaoishi monasterini. Watu wanadhani Mtrapisti ameweka nadhiri ya kunyamaza, na nadhiri hiyo haipo. Ukimya ni desturi ya nyumba. Zamani walikuwa na ishara za mikono: nipe mkate, ng'ombe kazaa. Nadhiri zao ni utii, kugeuza mwenendo, na ile iliyonileta hapa leo, kudumu mahali pamoja. Ukiingia monasteri hii, unazikwa hiihii.

ZUHURA: Hakuna hata kuomba uhamisho?

DEO: (anacheka) Unadhani ni ualimu! Saa tisa usiku wako kanisani wanaimba zaburi, na mchana wanarudi tena na tena. Katikati ni kazi, maana Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inawataka wale jasho lao. Wapo wa jibini, wapo wa asali, Ubelgiji wapo wa bia.

ZUHURA: Kwenye bia umeniacha. Saa tisa usiku ndiyo naielewa. Kumi la mwisho la Ramadhani baba yangu hukaa itikafu msikitini Ngamiani, akirudi nyumbani anaongea polepole kama mtu aliyetoka safari. Sasa hao itikafu yao haina Idi.

DEO: Hiyo nakuibia. Mizizi yao ni mwaka 1098, Cîteaux, Ufaransa. Jina Watrapisti limetoka La Trappe, abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abati, ya Normandy iliyokaza upya masharti karne ya 17. Leo wako kila bara. Lakini mimi nataka tupande hapo juu kwetu, Gare.

ZUHURA: Gare ya Lushoto?

DEO: Hiyohiyo. Mwaka 1897, enzi za Mjerumani, walifika Watrapisti kutoka monasteri ya Mariannhill, Afrika Kusini. Mariannhill aliianzisha Franz Pfanner, Mwaustria, mwaka 1882, ikakua mpaka ikawa abasia kubwa kuliko zote za Watrapisti. Sasa fikiria: umeapa kukaa ndani na kuimba zaburi, halafu kuna shule ya kufundisha, kuna vijiji. Kengele ya sala inalia, wewe uko ng'ambo ya kilima cha pili, mgonjwa anakungoja. Utarudi?

ZUHURA: Sirudi.

DEO: Nao wengi hawakurudi. Mabishano yakaenda mpaka Roma, na mwaka 1909 Mariannhill ikatengwa na Watrapisti, ikawa shirika la kimisionari.

ZUHURA: Talaka, kwa Kiswahili cha mtaani.

DEO: Mwaka jana nilipanda Gare kwenye msiba wa shangazi. Bodaboda kutoka Lushoto, mvua, kapu la vitumbua magotini, ukungu umefunga njia. Kengele niliisikia kabla sijaliona kanisa. Nikawaza, yule bruda wa kwanza, aliyeapa kutohama, alivuka bahari mara ngapi mpaka akafika kwenye tope hili?

ZUHURA: Mimi naona hapo kiapo kimekuwa cha mdomo tu.

DEO: Ngoja. Kipkelion, Kenya, Watrapisti walikuwa na monasteri tangu miaka ya 1950. Zile ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia hapo. Mwaka huohuo, 2008, wamonaki wenyewe wakahamia Uganda. Halafu weka pembeni yake Tibhirine, milimani Algeria. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, wageni wanaambiwa waondoke, watu wenye silaha wameshafika mpaka mlangoni. Wakakaa kikao, wakaamua kubaki. Mmoja wao, Bruda Luc, alikuwa daktari, zahanati yake ilitibu yeyote aliyekuja. Machi 1996 saba walitekwa usiku, wakauawa. Wawili waliponea humohumo ndani, baadaye wakaenda Midelt, Morocco. Wa mwisho alifariki mwaka 2021.

ZUHURA: Inna lillahi. (kimya) Majirani zao walikuwa Waislamu?

DEO: Kijiji kizima.

ZUHURA: Na wakaishi vipi? Nauliza hivyo kwa sababu hapa Tanga sisi tumezoea, harusi yako nakuja, msiba wangu unakuja. Lakini mtu aliyejifungia ndani ya ukuta unamzoeaje?

DEO: Bustani walilima pamoja na wanakijiji. Na kulikuwa na chumba ndani ya boma la monasteri hakina kazi, kijiji hakina msikiti. Wakawapa, kikawa msikiti.

ZUHURA: Ndani ya boma lao?

DEO: Ndani.

ZUHURA: Kwa hiyo muadhini akisimama kuadhini alfajiri...

DEO: Wenzake wako macho tangu saa tisa.

ZUHURA: Haya, zima feni, umeme nao huo unakatika.