Lielewe Gari Kwanza, Kipande Kipya Baadaye

Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena kwa sababu kila msimu wa Langalanga, yaani Formula 1, naona likipuuzwa. Timu ikigundua kwamba gari lake halina kasi, kitu cha kwanza inachokimbilia ni kipande kipya: bawa jipya, sakafu mpya, umbo jipya la ubavuni. Kiwandani watu hawalali, vipande vinasafirishwa kwa ndege, vinafungwa Ijumaa asubuhi. Jumapili jioni gari liko palepale, au limerudi nyuma zaidi.

Nasema hivi: kazi ya kwanza ni kujua kwa nini gari mlilonalo halifanyi kile ambacho hesabu zenu zilisema litafanya. Swali hilo lisipojibiwa, kila kipande kipya ni kamari.

Tuchukue timu ya Haas, mwaka 2019. Kisa hiki nitakikalia kidogo, mnivumilie. Mwaka 2018 Haas ilimaliza ya tano kati ya timu kumi, na hii ni timu ndogo. Ikaingia 2019 kwa kishindo: kule Melbourne, katika kufuzu kwa Jumamosi, kunakopanga nafasi za kuanzia mbio za Jumapili, dereva wao Romain Grosjean alikuwa wa sita, mwenzake Kevin Magnussen wa saba, na Magnussen akamaliza mbio katika nafasi ya sita. Baada ya hapo yakaanza mambo yasiyoeleweka. Jumamosi gari lina kasi, Jumapili halimo kabisa. Austria Magnussen aliweka muda wa tano katika kufuzu. Alikuwa na adhabu ya kurudishwa nafasi tano kwa kubadilisha giaboksi, sawa, tuiondoe hiyo. Bado mbio zilipoisha alikuwa wa kumi na tisa. Gari haliwezi kuwa la tano Jumamosi na la kumi na tisa Jumapili bila kuwa na jambo linalokuambia.

Kila mtu akasema ni matairi. Na ni kweli, matairi yalikuwa hayakai kwenye joto lake. Lakini matairi ndipo ugonjwa ulipojitokeza, na pengine ulianzia kwingine. Mwezi Mei, Barcelona, timu ilikuwa imeleta vipande vipya. Vipimo vya kiwandani vilisema vipande hivyo ni bora. Grosjean, ambaye ndiye aliyekuwa akilikalia gari, alikuwa akisema anataka gari la Melbourne.

Julai, Silverstone kule Uingereza, wakamkubalia. Sikilizeni vizuri walichokifanya, maana ni kitu kizuri sana kwa mhandisi. Grosjean akapewa gari lenye umbo la Melbourne, la mwezi Machi. Magnussen akabaki na gari lenye vipande vyote vipya. Njia moja, siku moja, hewa ileile, matairi yaleyale. Maabara gani itakupa jaribio safi kuliko hilo? Na katika kufuzu, Grosjean na gari lake la zamani akawa mbele ya mwenzake. Hapo ukimya ungetakiwa kutanda kiwandani, kila mtu afungue upya daftari lake. Zimebaki mbio zenyewe, mizunguko 52 ya kulinganisha tairi linavyochoka kwenye gari hili na lile. Mzunguko wa kwanza, kona za mwanzo tu, magari mawili ya Haas yakagongana yenyewe kwa yenyewe. Wote wawili wakajitoa. Jaribio likafa kabla halijaanza, na timu ikalazimika kuendelea na ulinganisho huo Ujerumani na Hungaria. Mwisho wa msimu walikuwa wa tisa, na pointi 28.

Watu husimulia kisa hiki ili wacheke mgongano. Inanikera. Kurudisha gari la Machi ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote waliofanya mwaka ule, na unahitaji ujasiri, kwa sababu mkuu wa kitengo cha hewa anasimama mbele ya wenzake na kukubali kwamba huenda kazi ya miezi haina faida. Tatizo ni kwamba uamuzi huo ulikuja Julai. Kati ya Barcelona na Silverstone kulikuwa na Monaco, Kanada, Ufaransa na Austria, kila moja na mazoezi yake. Huko ndiko ulinganisho ulikotakiwa kufanyika, siku isiyo na pointi, mgongano ukitokea mnarudia wiki inayofuata.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: magari haya yana mamia ya sensa, kila kitu kinapimwa, wanashindwaje kujua? Nakujibu. Sensa inakuambia gari limebanwa chini kwa nguvu kiasi gani. Haikuambii hewa iliyoshindwa kazi ilishindwa wapi. Ndiyo maana katika mchezo wenye kompyuta kubwa kiasi hiki bado utamwona fundi ameshika brashi. Anapaka rangi ya kijani inayong'aa, iliyochanganywa na mafuta mepesi, kwenye bawa la mbele au kando ya sakafu. Gari linatoka rangi ikiwa mbichi. Likirudi, hewa imeshaiburuta ikawa michirizi. Michirizi ikiwa imenyooka na kufuatana, hewa inalifuata umbo kama ilivyokusudiwa. Rangi ikiwa imejikusanya mahali pamoja, au michirizi imekatika na kugeuka ovyo, basi hapo hewa imeachana na uso wa bawa, na ule mkandamizo, yaani nguvu ya hewa inayolibana gari chini, ambao kompyuta ilikuahidi haupo. Picha zinapigwa haraka, kitambaa kinapita, gari linatoka tena. Kwingine wanafunga nyuma ya magurudumu ya mbele fremu kubwa iliyojaa mirija midogo ya kupima shinikizo la hewa, na dereva anaambiwa aende kwa mwendo usiobadilika kwenye sehemu iliyonyooka. Dereva hapendi, mashabiki wanaona anapoteza muda. Ijumaa ya namna hiyo ina thamani kuliko bawa jipya.

Na kwa nini handaki la upepo, kile chumba cha kiwandani ambamo modeli ya gari hupulizwa upepo na kupimwa, lidanganye? Halidanganyi kwa makusudi. Kanuni haziruhusu modeli izidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari, wala upepo uzidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Gari lenyewe linapita 300. Linapanda na kushuka, linainama kwenye breki, tairi linabonyea kwenye kona. Mercedes walikuwa mabingwa wa timu mara nane mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2021. Hakuna atakayesema hawajui kazi. Mwaka 2022 zikaja kanuni mpya, za magari yanayofyonzwa chini na hewa inayopita chini ya sakafu, na gari lao likaanza kudunda kwenye sehemu zilizonyooka hadi Lewis Hamilton akashuka garini Baku ameshika mgongo. Kudunda kule vipimo vyao havikuwa vimewaonyesha. Msimu mzima walishinda mara moja tu, George Russell kule São Paulo, na umbo lile jembamba la ubavuni waliliacha Monaco, mwaka uliofuata. Mwaka na zaidi, kwa timu yenye kila kifaa! Mnaona basi kwamba ninachokisema hakihusu timu ndogo peke yake.

Mwingine ataniambia: kama hujui tatizo, iga gari linaloshinda. Jibu hili nimelisikia mpaka nimechoka nalo. Kwanza kanuni zimebana. Racing Point mwaka 2020 walifuata umbo la Mercedes ya mwaka uliotangulia, wakatozwa faini ya euro 400,000 na kupokonywa pointi 15 kwa sababu ya mifereji ya kupoza breki. Pili, unachoweza kukiona kwa kamera ni ubavu. Sakafu huioni, na kwenye magari haya sakafu ndiyo yenye kazi kubwa. Mwaka 2023 timu nyingi zilivaa ubavu uliofanana na wa Red Bull, na Red Bull ikashinda mbio 21 kati ya 22. Wengine wanataka kubadilisha dereva. Hilo sitalijadili, dereva haongezi mkandamizo.

Sasa McLaren, mwaka huohuo wa 2023, kwa sababu hapa ndipo mtaona ninachokitaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. McLaren hawakuficha. Walipozindua gari mwezi Februari walisema wazi kwamba hawakufikia malengo yao. Bahrain ikathibitisha: Oscar Piastri alisimama kwa hitilafu ya umeme, Lando Norris aliingia pit, kule magari yanakohudumiwa, mara sita na kumaliza wa mwisho. Baada ya mbio nane walikuwa na pointi 17. Mashabiki walitaka vipande vipya kila wiki. Andrea Stella, aliyeingia ukuu wa timu Desemba tu, alibadilisha uongozi wa kiufundi mwezi Machi, akaacha gari liendelee kuteseka huku kiwandani wakijenga upya namna hewa inavyopita chini na ubavuni. Waliiga umbo la Red Bull ubavuni? Ndiyo, kwa kiasi, lakini likiwa sehemu ya gari walilokwisha kulielewa upya.

Austria, Julai, mabadiliko makubwa yakafika kwa gari la Norris peke yake. Sababu mojawapo ni kwamba vipande havikutosha magari mawili, sawa. Lakini angalieni walichokipata bila kutaka: Piastri na gari la zamani upande huu, Norris na jipya upande ule. Norris akawa wa nne. Wiki iliyofuata Silverstone wote wawili wakiwa na vipande vipya, Norris wa pili, Piastri wa nne. Msimu ukaisha kwa pointi 302, nafasi ya nne, na mwaka 2024 wakachukua ubingwa wa timu kwa mara ya kwanza tangu 1998.

Na kabla hamjaniambia ni pesa, au ni handaki lao jipya la upepo pale Woking, makao yao Uingereza: handaki hilo lilianza kazi baada ya Austria. Vipande vya Austria vilipimwa kwenye handaki la kukodi, la Toyota, mjini Cologne, lilelile lililotoa gari bovu la Februari. Kifaa kilekile. Kilichobadilika ni maswali yaliyopelekwa kwenye kifaa.

Ferrari nitawataja kwa haraka. Juni 2024 walileta sakafu mpya Hispania, gari likaanza kudunda kwenye kona za kasi. Silverstone, siku ya Ijumaa ya mazoezi, wakalinganisha mpya na ya zamani, wakarudi kwenye ya zamani kwa mbio zile, wakaleta iliyorekebishwa Hungaria. Monza, Italia, dereva wao Charles Leclerc akashinda. Ubingwa wa timu wakaukosa kwa pointi 14 tu. Linganisheni wiki zile chache na miezi ya Haas.

Muda unanikimbia. Nilitaka kuzungumzia mgao wa majaribio, yaani kiasi ambacho kanuni zinairuhusu kila timu kupima kwenye handaki la upepo, niseme mawili matatu. Tangu 2022 bingwa anaanza na asilimia 70 ya mgao wa handaki, wa kumi alipewa asilimia 115, na hesabu hurekebishwa katikati ya mwaka kufuatana na msimamo. Kwa hiyo timu iliyoanza vibaya hupewa nafasi zaidi ya kupima kuanzia Julai. Wengi huitumia kupima maumbo mengi zaidi. Itumieni kupima gari mlilonalo! Na kikomo cha pesa ambazo timu inaruhusiwa kutumia maana yake ni kwamba sakafu mliyoitupa imekula pesa ya sakafu ambayo ingefaa. Mgonjwa akipewa dawa tatu siku moja, akizidiwa hamjui ni ipi iliyomdhuru. Vipande vitatu kwenye gari moja ni hivyohivyo.

La mwisho, lini mwache msimu na kuhamia gari la mwaka ujao. Mnalijua jibu la kawaida: acheni mapema. Mwaka 2025 Ferrari walihamia mapema kwenye gari la 2026, wakamaliza bila kushinda hata mbio moja kuu. Red Bull walikuwa hoi pia. Baada ya mbio za Zandvoort, Uholanzi, dereva wao Max Verstappen alikuwa pointi 104 nyuma ya kinara. Waliendelea kulifanyia kazi gari ambalo lingewekwa kando Desemba, sakafu mpya ikaja Monza, na Verstappen akaukosa ubingwa kwa pointi mbili. Waliolaumu walisema ni nguvu iliyopotea, kanuni mpya ziko mlangoni. Laurent Mekies, aliyeichukua timu Julai, alieleza kwamba walitaka kwanza kujua kama mbinu na vifaa vyao vinawaambia kweli, kwa kuwa ni hivyohivyo vinavyotengeneza gari la 2026.

Matairi sikuyafikia, na mwenyekiti ameshasimama. Mwenye swali la matairi aanze yeye.