Futi 200, taa unaziona: je, mwonekano unatosha kutua?

Karibuni tena, marubani na mnaojifunza. Leo tuko kwenye simuleta, tumeshuka kwa ILS, yaani mawimbi ya redio yanayoiongoza ndege hadi njia ya kutua, mpaka kimo cha uamuzi, pale unapochagua kutua au kughairi na kupanda tena, na ukungu umetanda. Taa mbili tatu zimejitokeza mbele. Unatua au unaghairi?

Natumia sheria za Marekani, kifungu cha 91.175, kwa sababu wengi wenu mnasomea huko, na kwa rubani asiyebeba abiria wa kulipa sheria hiyo inamwachia yeye mwenyewe kupima. Mnara unaweza kutangaza robo maili, wewe ukaona nusu. Kinachohesabika ni umbali unaouona mbele kutoka kwenye kiti chako. Lakini mkaguzi akikuuliza ulijuaje kuwa ni nusu maili, "niliona vizuri tu" si jibu. Kwa hiyo tunapiga hesabu mapema.

Kwanza, kabla hujaanza kushuka, soma chati. ILS ya kawaida itakuambia kimo cha uamuzi futi 200 na mwonekano nusu maili. Angalia pia aina ya taa za kukaribia. Hapa tuna MALSR, aina mojawapo ya taa hizo: zinaanza futi 2,400 kabla ya kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kutua, zimepangwa kila futi 200, na penye futi 1,000 kuna mstari mpana unaokatisha. Zile za nje kabisa humweka kwa kufuatana kuelekea uwanjani.

Sasa simamisha video, chukua kalamu. Unashuka kwa digrii 3 na utapita juu ya kizingiti ukiwa futi 50. Basi ukiwa futi 200, kizingiti kiko mbele yako kama futi 2,860. Nusu maili ni futi 2,640. Umeona? Kwa mwonekano wa chini kabisa unaoruhusiwa, kizingiti chenyewe hukioni bado! Unachopaswa kuona ni taa zote za kukaribia, mpaka safu ya mwisho iliyo futi 200 kabla yake.

Tazama picha hii. Nimeganda futi 200, naona taa zinazomweka na mstari mpana, halafu weupe mtupu. Mstari ule uko futi 1,860 kutoka kwangu, sawa na theluthi moja ya maili na ushee. Haitoshi, hata kama moyo unasema tumefika. Picha ya pili: baada ya mstari mpana nahesabu safu nne zaidi. Hiyo ndiyo nusu maili. Na ukiona taa za kijani za kizingiti, umeshavuka kiwango, usibishane na mtu. Taa za karibu kabisa zitafichwa na pua ya ndege, hilo lisikusumbue.

Usihesabu kwa starehe, lakini. Kwa mwendo wa noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa) unakula kama futi 150 kila sekunde. Ukiwa na taa za kukaribia peke yake, ukomo wako ni futi 100 juu ya eneo la kugusia. MALSR haina zile safu nyekundu zinazoruhusu kuendelea, kwa hiyo hapo lazima uwe umeona kizingiti, au njia yenyewe, au taa zake.

Kama si ILS, GPS ni rafiki yako: kizingiti kikijitokeza tu, soma umbali uliobaki. Ila GPS inasoma maili za baharini na chati ya Marekani imeandikwa kwa maili za nchi kavu. Maili moja ya chati ni 0.87 kwenye GPS.

Linalonitisha mimi zaidi ni ukungu mwembamba uliolala chini. Kutoka juu unaona njia nzima, unashusha pumzi, halafu ukiingia ndani yake unatazama kwa mshazari kupitia ukungu mwingi na kila kitu kinafutika. Wakati huohuo utahisi kama pua imeinuka, na mkono utataka kuisukuma chini. Usiusikilize. Mwonekano ukipungua chini ya kiwango baada ya kimo cha uamuzi, sheria ni ileile: ongeza nguvu, ghairi, panda.

Mnaorudi kurusha Kenya au Tanzania, huku kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaongeza kizuizi: mwonekano uliotangazwa ukiwa chini ya kiwango, huendelei chini ya futi 1,000 juu ya uwanja kwenda "kuchungulia".

Haya, fungua simuleta yako. Weka nusu maili, simamisha ndege futi 200, uhesabu safu. Kisha punguza hadi robo maili, uangalie zipi zimepotea.